Okoko: Samaki wa Usiku wa Ziwa Victoria Anayelia Akishikwa, na Kwa Nini Unafaa Kumjua Mapema

Wasee, tufanye jaribio kidogo. Taja samaki wa Ziwa Victoria bila kuangalia simu. Mbuta, utasema. Ngege. Omena, juu hiyo kila mtu amekula, hata yule msee wa hosteli anayejifanya hajawahi. Kama ocha yenu ni pande za Homa Bay ama Migori, utaongeza kamongo, mumi na fulu. Hapo wengi wenu mnafika mwisho.

Sasa kuna mmoja ambaye hata mtu wa Mbita anaweza kumsahau kwa hiyo orodha. Anaitwa okoko. Hutampata kwa menyu ya hoteli kubwa, na hakuna kiwanda kinachomkata minofu ya kupeleka Ulaya. Mchana huwa amejificha. Giza likiingia ndio anatoka kutafuta dishi kwenye tope la chini ya ziwa, na ukimtoa majini anakupigia kelele: krr, krr, krr. Hiyo si hadithi ya nyanya. Ni kitu kina maelezo kamili, na tutaipitia hapa polepole.

Lakini kuna sababu nyingine ya kukuletea hii stori. Okoko alikuwa na jirani wa usiku, samaki wa ziwa hilo hilo, ambaye sasa hapatikani. Alipotea na hakuna mtu alishtuka, kwa sababu hakuna mtu alikuwa anamuangalia. Ukielewa hiyo, utaelewa kwa nini okoko si samaki wa kudharau.

Okoko ni nani hasa?

Okoko ni wa lile kundi kubwa la samaki wasio na magamba, wenye sharubu, ambalo kwa Kiswahili wengi huliita tu kambare. Ndani ya hilo kundi kuna koo nyingi, na Ziwa Victoria lina za kwake. Mumi unamjua: mrefu, kichwa bapa, anateleza kama sabuni. Seu ni mkubwa pia, ana mdomo mpana na sharubu ndefu, na huyo ni mwindaji wa samaki wenzake. Sire ni mdogo, mwembamba na anang'aa. Halafu ndio unafika kwa okoko.

Wanasayansi wanamuita Synodontis victoriae. Alielezwa rasmi mwaka 1906 na Boulenger, mtaalamu wa samaki aliyekuwa akifanya kazi kwa makumbusho ya London. Ana ndugu yake mdogo ziwani humo humo, Synodontis afrofischeri, na wavuvi wengi huwaita wote wawili okoko bila kujisumbua. Ukivuka mpaka jina linabadilika. Upande wa Tanzania utasikia gogogo, na Uganda utasikia nkolongo. Jaribu kutamka gogogo haraka haraka mara tatu. Umeskia? Hilo jina ni kama mtu alikuwa anaiga sauti ya samaki mwenyewe.

Utamjuaje ukimpata kwa beseni la mama samaki? Angalia vitu vinne:

1. Kichwa kigumu. Ukigonga kwa kucha ni kama unagonga kofia ya boda. Mfupa unafunika kichwa mpaka nyuma ya shingo.

2. Miiba mitatu. Mmoja mgongoni, na mmoja kila upande, nyuma ya kichwa. Hii ndio silaha yake.

3. Sharubu jozi tatu. Zile mbili za juu ni nyoofu, lakini zile za kidevuni zina matawi madogo madogo kama unyoya. Mumi na seu wana jozi nne, na hazina matawi.

4. Pezi la mafuta. Ni ile nyama laini ndefu mgongoni karibu na mkia, haina mifupa ndani.

Rangi yake ni ya kahawia ama kijivu, na mara nyingi ana madoa meusi. Okoko mkubwa anaweza kupita sentimita 30, kumaanisha anazidi rula yako ya shule. Wengi utakaowaona sokoni ni wadogo kuliko hapo.

Kwa nini anafanya kazi za usiku?

Fikiria maisha ya chini ya ziwa. Sehemu yenye kina kirefu zaidi Ziwa Victoria ni kama mita 80, na maji yenyewe hayako safi kama ya chupa. Kuna mwani, kuna tope, kuna vumbi la mito. Hata saa sita mchana, chini huko mwanga ni kidogo. Samaki anayetegemea macho pekee ana shida.

Okoko ametatua hiyo shida kwa njia nyingine. Zile sharubu zake ni kama ulimi na vidole kwa wakati mmoja. Zimejaa vihisio vya ladha. Akipita juu ya tope anazipapasa, na akigusa kitu cha kula anajua kabla hajakiona. Wewe unaonja chakula kikishaingia mdomoni. Yeye anaonja sakafu nzima akitembea.

Masikio yake pia si ya kawaida. Samaki wa hili kundi wana mifupa midogo inayounganisha kifuko cha hewa tumboni na sikio la ndani. Kifuko kinatetemeka sauti ikipita majini, mifupa inabeba mtetemo mpaka sikioni, na samaki anaskia vizuri kuliko wengi. Ni kama kuunganisha simu yako na spika ya mathree.

Sasa dishi. Okoko hula viluwiluwi vya wadudu, konokono, na vitu vingine vidogo vya kwenye tope. Unawajua wale wadudu wa ziwani wanaotoka kama moshi mweusi juu ya maji, wanakuja mpaka kwa taa ya jikoni na kujaza sufuria? Kabla hawajaota mabawa, wanaishi kama viluwiluwi majini, wengi wao chini kwenye tope. Ni aina hiyo ya chakula ambayo okoko anafuata. Yaani kuna msee anapunguza hao wadudu kabla hawajafika kwa uji wako, na hujawahi kumwambia asante.

Usiku pia unampa usalama. Ndege wanaokula samaki wengi wao wamelala. Wale wanaowinda kwa macho wamepungua nguvu. Kwa samaki asiye na mbio nyingi, giza ni nyumba nzuri.

Kitu kimoja ambacho giza halimlindi dhidi yake ni binadamu. Ukisimama Mbita, Sori ama Muhuru Bay usiku ambao hakuna mwezi, utaona taa zimejaa juu ya maji mpaka udhani kuna mtaa mzima huko ndani. Ni wavuvi wa omena. Taa inavuta wadudu na omena karibu na mtumbwi, halafu wavu unashushwa. Kwa hivyo saa ile okoko anaamka kwenda kazini ndio saa ile binadamu naye ako kazini.

Hiyo kelele inatoka wapi?

Hapa ndio watu wengi hukosea. Wanadhani analia kwa mdomo. Zii. Okoko hana koo la kulia kama paka.

Kelele iko kwenye miiba ya pembeni. Mahali mwiba unapoingia kwenye mfupa wa bega, shina lake lina mistari midogo midogo kama meno ya kitana. Okoko akiusukuma mwiba mbele na nyuma, hiyo mistari inakwaruza ndani ya tundu lake. Chukua kitana, pitisha ukucha kwenye meno yake. Hiyo ndio teknolojia yote. Panzi na nyenje nao hupiga kelele kwa kusugua sehemu za mwili, kwa hivyo okoko ni kama nyenje wa ziwani.

Na bado ana njia ya pili. Samaki wengi wa jamii yake wana kipande cha mfupa chembamba kinachofanya kazi kama springi, kimekaa juu ya kile kifuko cha hewa. Misuli ikikivuta na kukiachilia haraka haraka, kifuko kinatoa mngurumo kama ngoma. Kwa hivyo okoko ana kitana na ana ngoma.

Anapiga kelele kwa nini? Akishikwa, ni kumshtua aliyemshika. Ukiwa ndege ama samaki mkubwa, halafu chakula chako kinaanza kutetemeka na kunguruma mdomoni, utafikiria mara mbili. Sauti pia hutumika kati yao wenyewe, kama wakigombania mahali pa kujificha.

Kelele ikikataa kusaidia, kuna mpango mwingine. Okoko anaweza kusimamisha miiba yote mitatu na kuifunga kwa kufuli. Ndiyo, kufuli. Mfupa mdogo unaingia mahali pake na mwiba haurudi chini hata ukiusukuma kwa nguvu. Ghafla samaki wa saizi ya mkono wako amekuwa mpana kama kiti kilichopinduliwa. Kummeza ni ngori.

Hii ndio sababu pia wavuvi wengi humchukia. Okoko akiingia kwa wavu, hiyo miiba mitatu inajifunga na nyuzi zinazunguka kila mahali. Ngege unamtoa kwa sekunde chache. Okoko mmoja anaweza kukukalisha hapo ukifungua fundo moja baada ya lingine, na ukikosea anakudunga. Wengi wa hii jamii wana tezi za sumu kwenye miiba, kwa hivyo kidonda kinauma zaidi ya vile kinavyoonekana.

Ukidungwa, usijifanye soja. Osha vizuri kwa maji safi na sabuni, loweka mahali hapo kwenye maji ya moto ambayo hayachomi ngozi, na kama kipande cha mwiba kimebaki ndani ama mkono umeanza kuvimba, enda hospitali. Vidonda vya maji ya ziwa huchafuka haraka.

Ukoo wake una mambo

Jamii ya Synodontis iko Afrika pekee, na ina aina zaidi ya mia moja. Wengine wana tabia ambazo ukizisikia utadhani ni filamu.

Kwenye Ziwa Tanganyika, pande za Kigoma na Bujumbura, kuna binamu ya okoko anayeitwa Synodontis multipunctatus. Huyu ni konkodi kamili. Kwenye hilo ziwa kuna samaki wa jamii ya fulu ambao mama hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Binamu yetu anangoja mama fulu akiwa anataga, anaingia katikati ya shughuli, anakula baadhi ya mayai na kuacha ya kwake. Mama fulu, kwa haraka yake, anaokota yote na kuyaweka mdomoni. Mayai ya mgeni yanaanguliwa mapema, halafu vifaranga vinaanza kula watoto wa mwenye nyumba humo humo mdomoni. Mama anazunguka na hao wageni akijua ni wanawe. Tabia kama hiyo tunaijua kwa ndege, lakini kwa samaki ni nadra sana.

Kwenye bonde la Kongo kuna mwingine ambaye huogelea tumbo likiwa juu. Si kwamba ni mgonjwa. Ndivyo anavyokula vitu vilivyo juu ya maji na chini ya majani. Na samaki wa hiyo tabia wako pia kwenye mto Nile. Wamisri wa kale waliwaona, wakawachora, na karibu miaka 4,000 iliyopita walitengeneza vidani vya umbo la samaki, vingine vya dhahabu, wakivalisha watoto kwenye nywele ili wasife maji.

Ebu fikiria hiyo. Maji yanayotoka Ziwa Victoria yanaingia mto Nile pale Jinja na kuendelea mpaka Misri. Huko chini, ndugu za okoko walikuwa wanachongwa kwa dhahabu. Hapa juu yalikoanzia maji, okoko mwenyewe anatupwa mchangani juu ameharibu wavu.

Yule jirani aliyepotea

Sasa tuje kwa ile stori nzito.

Mbuta si wa Ziwa Victoria. Aliletwa na watu kuanzia miaka ya 1950, enzi za ukoloni, na kwa muda hakuonekana kufanya kitu. Halafu kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 na kuingia 1980 akalipuka. Huyu ni samaki anayeweza kufika mita mbili na kilo 200. Fulu, ambao walikuwa aina kama 500, wengi wao hawapatikani kokote kwingine duniani, waliliwa mpaka aina nyingi zikatoweka.

Hiyo sehemu wengi wameisikia. Mbuta alileta doh, viwanda vikajengwa, na mpaka leo Kenya na Uganda wanavutana kuhusu Migingo, kisiwa kidogo cha mawe upande wa Migori, kwa sababu mbuta wako karibu. Kile hatusikii sana ni yaliyowapata samaki wa usiku.

Seu alikuwa mmoja wa wawindaji wakubwa wa ziwa kabla mbuta aingie. Akajikuta na mpinzani mkubwa kuliko yeye, anayekula chakula chake na kula watoto wake. Idadi yake ikashuka vibaya. Okoko na kambare wengine nao walipungua sehemu nyingi.

Na kulikuwa na mmoja mdogo anayeitwa Xenoclarias eupogon. Alikuwa wa ukoo wa mumi, lakini mfupi, na aliishi maji ya kina kirefu. Hakuwepo mahali pengine popote duniani, ni Ziwa Victoria pekee. Alielezwa na wanasayansi mwaka 1928. Baada ya mbuta kulipuka, nyavu za watafiti zikaacha kumleta. Leo yuko kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa zaidi, na kando yake kumeandikwa kwamba huenda ameshatoweka kabisa.

Muulize babu yako kama anamkumbuka. Ngege alipopungua watu walilia, kwa sababu sahani zilibaki tupu. Huyu mdogo wa gizani aliondoka hivi hivi. Hakuwa na bei sokoni. Hakuna mtu alimuona mchana. Samaki wa namna hiyo akipungua, hakuna anayekuja kuuliza alienda wapi.

Mbuta hakuwa peke yake kwenye hilo kosa. Kuanzia miaka ya 1960 maji ya ziwa yalianza kubadilika. Mbolea kutoka mashambani, uchafu wa miji na udongo wa mito viliongeza chakula cha mwani. Mwani ukawa mwingi, ukafa, ukazama na kuoza. Kuoza kunatumia hewa ya oksijeni, na kule chini hewa haina njia rahisi ya kurudi. Kwa sehemu za kina, kuna miezi ambapo maji ya chini hayana hewa ya kutosha samaki kuishi. Sasa jiulize, nani anaishi chini? Ni hao hao wa usiku.

Mumi ana bahati, juu ana kiungo cha pekee karibu na matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama mimi na wewe. Okoko hana hicho kiungo. Hewa ikiisha chini, lazima ahame, na akihama kwenda maji ya kina kifupi ndio anakutana na nyavu.

Migori na Homa Bay zinaingia wapi?

Kenya ina kama asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Ni kipande kidogo, na Homa Bay na Migori zimeshika sehemu kubwa ya pwani yake, kutoka Kendu Bay, Homa Bay mjini, Mbita, Rusinga na Mfangano, mpaka Sori na Muhuru Bay karibu na mpaka wa Tanzania. Yanayofanyika huko yanaamua hali ya samaki wengi wa upande wetu.

Kitu cha kwanza ni mito. Mvua ikinyesha, samaki kadhaa wa ziwa hupanda mito kwenda kuzaa. Ningu ndiye anajulikana zaidi kwa hiyo safari, lakini mumi, sire na okoko nao hufuata maji mapya. Mto Kuja unaingia ziwani huko Nyatike, Migori. Homa Bay kuna mito ya Awach, na Sondu Miriu uko mpakani na Kisumu. Mdomo wa mto ukizibwa kwa nyavu wakati wa mvua, unashika mama akiwa na mayai. Samaki mmoja hapo ni kizazi kizima. Mchanga ukichimbwa kiholela kwenye mto, maji yanakuwa tope na mahali pa kutagia panaharibika.

Cha pili ni nyavu zenyewe. Zile za uzi mmoja wa plastiki zimepigwa marufuku Kenya lakini bado zinapatikana. Ni za bei rahisi, hazionekani majini, na zikikatika zinabaki chini zikiendelea kushika samaki ambao hakuna atakayewala. Kwa okoko mwenye miiba ya kufuli, huo ni mtego usio na mlango.

Cha tatu ni mzunguko wa maji. Chukua mfano wa Mbita. Miaka ya 1980 njia ya kwenda Rusinga ilijengwa kwa kujaza mawe na udongo, na mkondo wa maji uliokuwa unapita hapo ukafungwa. Watu walipata barabara, lakini maji yakasimama, gugu maji likapata mahali pa kukaa. Baadaye likajengwa daraja ili maji yapite tena. Funzo ni kwamba unaweza kubadilisha ziwa bila kushika hata samaki mmoja, na pia unaweza kurekebisha ukitaka.

Cha nne ni hesabu. Uliza takwimu za mbuta, omena na ngege, utapewa. Okoko mara nyingi anaingia kwenye lile kapu la "samaki wengine". Sasa kama wote wameandikwa wengine, mmoja akipungua nusu utajuaje? Huwezi kuripoti kupotea kwa mtu ambaye hukuwahi kuandika jina lake.

Sawa, lakini mimi niko Kanairo. Inanihusu nini?

Inakuhusu, na si lazima uache kazi uende kuwa mlinzi wa ziwa.

Kwanza, ni chakula. Mbuta mzuri anaenda kiwandani ama hoteli. Samaki kama okoko, fulu na omena ndio hubaki kwa watu wa pwani wenye mfuko mwepesi. Okoko akioshwa vizuri kuondoa ule utelezi, miiba ikakatwa, akakaushwa kidogo kwa moshi halafu akaingia kwa supu nzito, anaenda na kuon bila kesi. Nyama yake ina ladha. Kinachowashinda watu ni kichwa na miiba, na hiyo ni kazi ya kisu.

Pili, ni kipimo. Samaki anayeishi kwenye tope la chini anakuambia hali ya sehemu ambayo wewe huoni. Okoko wakiwa wengi na wa saizi zote, inamaanisha chini kuna hewa na chakula. Wakianza kupotea, kuna kitu kimeharibika, na mapema ama baadaye kitafika kwa samaki unayemnunua pale Gikomba.

Tatu, ukienda ocha Desemba, kuna vitu unaweza fanya bila gharama:

Uliza wazee na akina mama wa ufuoni wanamwonaje okoko siku hizi, ukilinganisha na zamani. Ni wakubwa kama wale wa kitambo? Wanapatikana miezi gani? Andika. Hiyo ndio habari ambayo haiko kwa takwimu.

Ukipata okoko, mpige picha ya pembeni akiwa amelazwa karibu na rula, weka tarehe na jina la ufuo. Picha ya namna hiyo inaweza kumsaidia mtafiti kuliko video kumi za kucheka samaki anayelia.

Usinunue samaki wadogo waliojaa mayai wakati wa mvua, hata wakiwa bei ya kutupa. Ukinunua leo, kesho watashika wengine.

Na kama una swali kuhusu nyavu ama mahali pa kuvua, kila ufuo una kamati yake ya usimamizi, ile wanaiita BMU. Ni watu wa hapo hapo. Nenda uwaulize, wana majibu.

Mwisho, kama mvuvi amemtoa okoko mdogo kwa wavu na bado anapumua, mwambie amrudishe. Ashikwe kwa kitambaa, vidole nyuma ya miiba, si juu yake. Atalia njia yote mpaka aguse maji. Akishaingia atanyamaza, atashuka chini, na giza likifika atarudi kwa shughuli zake za kupapasa tope. Huko ndiko tunamtaka.